Kamera mbili, na hakuna iliyozama

Kamera yangu ya kwanza ya maana ilifia ndani ya begi lake, zipu imefungwa, kwenye ngalawa iliyotia nanga. Haikuanguka baharini. Aliyekuwa baharini ni mimi, maji ya kiuno, Jambiani, Unguja, nikiwaangalia kina mama wakikagua kamba zao za mwani na moyoni nikijisifu: leo nina akili, begi nimeliacha kwa nahodha, kamera nitaichukua wakianza kupakia mavuno. Nilichosahau, na mimi ni mtoto wa pwani, ni kwamba hakuna ngalawa isiyokuwa na maji ya ngamani, chini kabisa ya chombo. Begi lilikaa pale chini saa nzima. Nahodha alikuwa akifua maji kwa kopo la rangi lililokatwa, na kila akifua analisogeza begi langu kwa mguu, taratibu, kwa adabu kabisa, kisha linarudi pale pale penye dimbwi. Nilipolinyanyua lilikuwa zito, na kona yake ikamwaga maji kama birika.

Niliiwasha. Ikawaka, ikaonesha picha ya mwisho niliyopiga, bibi harusi wa Jumamosi anacheka, halafu uso wake ukageuka zambarau na kamera ikazima. Nikaiwasha tena. Na tena.

Nyumbani niliizika kwenye mchele, kama wanavyofanya watu wote. Mama alipoingia jikoni akaikuta imelala ndani ya beseni la basmati la Ijumaa, akauliza swali moja tu: "Na wageni watakula nini?" Siku ya tatu nikaipeleka kwa fundi, Darajani. Akafungua skrubu, akanigeuzia ubao wa ndani niuone. Shaba ilishaota kijani, na pembeni chembe za chumvi zimejipanga kama sukari kwenye ukingo wa kikombe.

"Dada, mchele unanyonya maji. Chumvi nani ataitoa?" Akanyamaza kidogo. "Na uliiwasha?"

Nikasema ndiyo, mara tatu.

"Ungetoa betri pale pale, leo tungezungumza mengine." Akaanza kurudisha skrubu moja moja.

Ilikuwa Sony a6000, mkono wa pili. Toleo lenyewe limetoka 2014, kwa hiyo ilipofika mikononi mwangu ilishakuwa bibi, lakini bibi mwenye nguvu zake: megapikseli 24, na ukibonyeza bila kuachia inapiga hadi picha 11 kwa sekunde. Ni katika zile ambazo wapiga picha wa mjini tunaziita mirolesi. Kamera kubwa za zamani zina kioo kidogo ndani kinachoruka kila unapobonyeza, ndicho kinachotoa ule mlio wa "klak". Hizi zimekiondoa, zikawa nyepesi na nyembamba. Lakini ukivua lenzi, sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, iko pale mlangoni, uchi, na kusi linavuma.

Kazi inayonilisha ni harusi. Upande wa wanawake, ukumbini, usiku, ambako mpiga picha wa kiume haingii na simu zinakusanywa mlangoni. Mwani niliuingia kwa sababu nyingine. Kikundi kimoja cha kina mama kilianza kutengeneza sabuni ya mwani, wakataka picha za kuwaonesha wanunuzi, na malipo yao yalikuwa nauli pamoja na sabuni. Nikaenda mara moja, nikawa siachi.

Wakulima wa mwani Unguja wengi wao ni wanawake, na saa ya kazi yao inapangwa na mwezi. Ukiandama na ukipevuka, maji ya bamvua hutoka mbali, na kwetu huwa yamekauka sana katikati ya asubuhi, saa tatu, saa nne. Hapo ndipo wanapoingia kufunga mbegu kwa vitanzi vidogo vya kamba wanavyoviita taitai, kukaza vigingi vilivyolegea, kuvuna ule uliotimiza wiki kama sita. Wapo pia waliosogea kwenye maji ya kina, kwa sababu maji ya karibu na ufukwe yanapata joto siku hizi, na mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei, hauvumilii. Hao ndio wanaokwenda kwa ngalawa, na ndio niliokuwa nao siku ile.

Sasa sina kamera, na nina harusi mbele yangu. Shangazi yangu anayekaa Maskati akapiga simu kwamba anakuja baada ya wiki tatu. "Nitajie kamera moja nikuletee. Moja, mwanangu. Usinitajie mbili nikachanganyikiwa dukani."

Kaka yangu, ambaye hajawahi kupiga picha zaidi ya ng'ombe wake wa maziwa, alikuwa na jibu tayari: nunua mirolesi nyingine, halafu uinunulie kasha lake la kuingilia majini. Nikatafuta bei za hayo makasha. Mengi yalizidi bei ya kamera yenyewe, na kila kasha limechongwa kwa kamera moja tu. Ukibadilisha kamera, limebaki la kufugia samaki. Mifuko laini ya plastiki niliwahi kuijaribu kwa kuazima. Inazuia maji, sikatai, lakini vidole havivioni vitufe, na plastiki ikijikunja mbele ya lenzi picha inakuwa kama umepiga kupitia chandarua.

Upande wa pili zilikuwepo hizi kamera ndogo zisizoingia maji, za kutia mfukoni. Niliyoitazama ilikuwa Olympus TG-6 ya 2019. Inazama mita 15 bila kasha lolote, na watengenezaji wanasema inavumilia kuanguka kutoka mita 2.1. Megapikseli 12. Sensa yake ndiyo iliyonitia huzuni: milimita 6 kwa 4 na ushei, kiasi cha kucha ya kidole cha mwisho. Ile ya a6000 ni kiasi cha stempu ya barua, eneo lake linazidi kama mara 13. Hicho ndicho kiwanja cha kupokea mwanga, na ukumbi wa harusi usiku hauna mwanga wa kugawa.

Kila niliyemuuliza ipi ina picha nzuri alinijibu mirolesi, na wote walisema kweli. Nikakaribia kumpigia Shangazi nimtajie hiyo.

Kilichonizuia ni usiku mmoja niliofungua diski ya kompyuta kutafuta picha kumi za kina mama wa sabuni, wazichapishe. Nilikuwa na mia nne na zaidi, za miezi kumi na minne. Nikaanza kuzipitia na chai pembeni. Mgongo. Mgongo. Migongo mitatu imeinama, kanga zimeloa. Mgongo na kichwa. Mwanamke kwa mbali, mdogo kama dole gumba, anageuka. Sikuwa na picha hata moja ya mikono inayofunga mwani. Mikono yao iko chini ya maji, na mimi mwaka mzima nilisimama pale maji yanapoishia kwenye vifundo vya miguu, kamera nimeiinua kifuani kama mtoto mchanga, nikivuta kwa zumu. Uzuri wote wa ile sensa nilikuwa nimeutumia kupiga migongo ya watu.

Nikamtajia Shangazi ile ndogo. Kaka hakunisemesha siku mbili.

Asubuhi ya kwanza niliyoingia nayo nilikaa chini, ndani ya maji, buibui na kila kitu, shingo tu nje. Bibi mmoja wa kikundi, ambaye hajawahi kunisifia, akasema, "Leo umekuja kufanya kazi." Nikaishusha kamera hadi kwenye mikono yake. Kitanzi kimoja cha taitai kinapita mara mbili chini ya kamba kubwa, kidole cha kati kinashikilia mbegu, dole gumba linakaza. Alifunga kama ishirini wakati mimi nahesabu. Picha zilipotoka niliona vitu ambavyo kwa macho sikuwa nimeviona: pete yake ya fedha imezungushiwa uzi ili isichomoke, na kwenye tawi la mwani konokono mdogo, mweupe, amejishikiza.

Ule udogo wa sensa niliouogopa hapa haukunidhuru kitu. Bamvua linatoka asubuhi kubwa, jua kali, maji ya magotini, mchanga mweupe chini unaorudisha mwanga juu. Kuna mwanga hadi unaumiza. Kwenye kina rangi nyekundu huanza kupotea, kila kitu kinageuka samawati, lakini kamera ina mpangilio wa rangi wa chini ya maji, mmoja wa kina kifupi, mmoja wa kati, mmoja wa kina kirefu. Mimi natumia ule wa kifupi, siku nyingi hata huo siuhitaji.

Shida ilikuwa kwingine, ambako hakuna mtu aliyenitajia. Mirolesi yangu ilikuwa na kitundu cha kuchungulia. Unabandika jicho, jua linabaki nje. Hii ndogo haina. Ina kioo cha nyuma peke yake, na saa nne asubuhi juu ya mchanga wa Jambiani kioo hicho ni cheusi, unajiona pua yako. Wiki ya kwanza nilipiga kwa kubahatisha, robo ya picha zimekata vichwa. Dawa yake niliivaa tangu mwanzo bila kujua: mtandio. Nauvuta mbele, najifunika mimi na kamera, nachungulia kama mpiga picha wa studio wa zamani, nafungua, napiga. Nani angefikiri.

Na matone. Ukiitoa kamera majini, tone moja linabaki katikati ya kioo cha lenzi, na uso wa mtu unatoka na doa la ukungu. Kitambaa chochote ulichonacho kimeloa, tena kina mchanga. Niligundua kwamba ulimi unafanya kazi. Unalamba, unaichovya majini, unaitoa, maji yanateleza yote kwa pamoja na una sekunde chache safi. Yule bibi alinitazama asubuhi nzima kabla hajaniuliza, "Mwanangu, hukunywa chai?"

Kuna picha moja nilishindwa nayo kabisa, ile ya nusu na nusu: chini mwani, juu mama na anga, mstari wa maji umekata katikati. Kikundi kiliiona mahali wakaipenda. Kwa lenzi ndogo kama hii mstari wa maji unakuwa mnene, unafunika nusu ya picha, wimbi dogo tu na kila kitu kimepotea. Watu wanaozipata huwa na kasha lenye kuba kubwa la kioo mbele, mstari ukawa mwembamba kama uzi. Nilijaribu labda mara mia. Tatu zinatazamika, na moja ya hizo niliipata kwa kujikwaa.

Kisha harusi. Nilikuwa na nafasi ya kuazima kamera ya mwenzangu, lakini kiburi cha kitu kipya kikanishika. Nikasema lenzi ya hii inafunguka hadi f/2, inaingiza mwanga mwingi, itatosha. Ukumbi ule una taa za rangi zinazozunguka, na bibi harusi ameingia kwenye mwanga wa zambarau, anatembea polepole, wanawake wanapiga vigelegele. Nilichopata ni mseto. Nyuso zimelainika kama zimechorwa kwa rangi ya maji, kope hazipo, dhahabu ya shingoni imekuwa doa la njano. Nikiwasha flashi, wa mbele wameungua, wa nyuma hawapo. Nilirudisha nusu ya malipo, na mama wa bibi harusi alizipokea zile pesa bila kuhesabu. Afadhali angezihesabu.

Lakini kuna hili, na ndilo linalonifanya nisiseme kamera ile haifai ukumbini. Jana yake, siku ya hina, niliipeleka kwa karibu. Inakubali kitu kilicho sentimita 1 kutoka kwenye lenzi. Nilipiga ncha ya piko ikimwaga ua kwenye kiganja, wino bado umeinuka, unang'aa, na mistari ya ngozi inapita chini yake. Yule mama aliichapisha hiyo, kubwa, iko ukutani sebuleni kwake. Ile a6000 na lenzi iliyokuja nayo isingeikaribia.

Kufikia hapo nilishajiona fundi. Na kamera ya pili nayo nikaiua, miezi minane baadaye, kwa kosa nililolifanya nikiwa nje ya maji.

Ilikuwa Paje, kamera imelowekwa na kuoshwa, nimekaa juu ya mtumbwi mkavu, jua linanichoma mgongoni. Betri ikaisha. Nikafungua mlango wa betri pale pale, nikaweka nyingine, nikafunga kufuli zake mbili, nikasikia zimelia. Ndani ya ukingo wa mlango kuna raba nyembamba, rangi ya kijivu, na hiyo raba ndiyo kamera yote. Mita 15 zinazosifiwa zimesimama juu yake. Vidole vyangu vilikuwa na mchanga. Punje moja ikakaa chini ya raba. Nilirudi kwenye maji ya kiunoni, nikapiga kama dakika kumi, halafu nikaona kioo kimeingiwa na ukungu kutoka ndani, kona ya chini, unapanda.

Safari hii nilijua. Nilizima, nikachomoa betri, sikuiwasha tena, wala sikugusa mchele wa mtu. Haikusaidia. Kijitabu kilichokuja na kamera, ambacho nilikuwa nimekiacha ndani ya boksi na nailoni yake, kinasema usifungue milango kwa mikono yenye maji au mchanga, na raba zibadilishwe kila mwaka hata kama hujaona kasoro. Nilikisoma usiku ule, mwanzo hadi mwisho. Shangazi hadi leo hajui. Akiuliza namwambia inafanya kazi, na ukweli inafanya: inazuia karatasi zisipeperuke mezani.

Nilikaa na simu mwaka mmoja hivi. Upatu wangu ulipoiva nikanunua mirolesi, na lenzi moja ya milimita 35 inayofunguka f/1.8, ya harusi tu. Hiyo haivuki barabara ya pwani. Kuna siku niko Jambiani na harusi ni usiku ule ule. Kamera inabaki mjini kwa Mama, afadhali nirudi kuichukua. Na adui yake, nimekuja kumjua, ni kiyoyozi. Ukiitoa kwenye chumba chenye baridi ukaingia nayo uani kwenye joto, lenzi inalowa kwa nje na picha zote zina moshi. Naiacha ndani ya begi robo saa izoee kabla sijafungua zipu. Wenye harusi wanadhani napumzika.

Mwaka uliofuata nikaagiza ndogo nyingine, TG-7 hii, ya 2023. Niliyemwagiza alirudi mara ya kwanza mikono mitupu, akasema dukani ameambiwa Olympus hawatengenezi tena kamera. Kweli, biashara ile ilihamia kampuni nyingine tangu 2021, na jina kwenye boksi sasa ni OM System. Ukiitazama ni pacha wa ile iliyokufa, ila tundu la chaji ni kama la simu za siku hizi. Milango yake naifungua mahali pamoja tu: chumbani, baada ya isha, mikono nimeosha na kukausha, taa ya mezani imewashwa. Nachaji, nabadilisha memori kadi, napangusa raba, naitazama kwa kuizungusha kwenye mwanga, nafunga. Hata ukungu wa ndani umepungua. Betri ikiisha baharini, kazi imeisha. Natoka.

Binti mmoja wa mjini aliyeanza kazi hii aliniuliza mwezi uliopita anunue ipi, ana pesa ya moja. Nikamwambia aniletee picha mia za mwisho za simu yake. Themanini na kitu zilikuwa ndani ya nyumba, usiku, watoto wa dada yake wakikimbia sebuleni. Nikamwambia anunue mirolesi, na begi asiliweke chini, popote, hata kwenye daladala. Alicheka. Hajapanda ngalawa huyu.

Bamvua lililopita yule bibi aliniomba aishike ndogo. Nikamfunga kamba mkononi, nikamwonesha kitufe kikubwa. Aliizamisha, akaitoa, akaizamisha tena, akailamba lenzi bila kuambiwa, wenzake wakaangua kicheko. Mimi niliinama kuokoa kitanzi kilichofunguka. Jioni, chumbani, nilipofungua kadi, picha yake ya kwanza ilikuwa mgongo wangu.